Mguu wa Kulia wa Baba

Watu wakiniuliza nilianzaje muziki, huwa nawaambia nilianza na mabango. Nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la fotokopi, mashine ya rangi iko mbele yangu kutwa nzima, na bosi akitoka kwenda kula mimi ndiye mfalme. Basi nikajichapisha. Uso wangu mkubwa, macho nimeyafumba kama mtu aliyebebeshwa maumivu ya dunia nzima, na chini yake maandishi mekundu, ya manjano na ya kijani: MNGURUMO BENDI. Wimbo sikuwa nao hata mmoja. Bendi yenyewe sikuwa nayo. Lakini bango lilikuwa kali, jamani, msiseme.

Rasta zangu wakati huo zilikuwa bado changa. Zilisimama wima, kila moja na mwelekeo wake, na dada yangu kila akiniona alikuwa ananiuliza nimeshika waya gani wa umeme. Mimi namjibu kwa lafudhi ya Jamaika niliyoiokota kwenye kanda, yeye anacheka mpaka anakaa chini. Sikujali. Nilikuwa nimeshajiona nimefika.

Bendi ilikuja baadaye. Wa kwanza alikuwa fundi wa majokofu, mtaani wakimwita Friza, mrefu, mkimya, anapiga gitaa la besi kama mtu anayefikiria jambo lingine. Tukafanya karakana yake kuwa ukumbi wa mazoezi: majokofu mabovu yamejipanga ukutani, milango imeng'olewa, sakafuni mirija ya shaba na mipira ya milango, ukikosea hatua unajikuta umekaa ndani ya jokofu. Wa pili alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, tukamwita Mwalimu hivyo hivyo, mwenye kinanda alichokuwa akipigia nyimbo za watoto. Mimi nilikuwa mwimbaji. Gitaa nililivaa pia, lakini zaidi kwa ajili ya picha.

Mpiga ngoma hatukuwa naye. Au tuseme nilikuwa naye nyumbani, ila sikumwona.

Baba alipiga ngoma kubwa kwenye bendi ya gwaride maisha yake yote ya kazi. Alipostaafu wenzake walimpa seti ya ngoma kuukuu, mama akaifunika shuka na kupanga vyungu vya maua juu yake. Kisha mama akaugua, akaugua sana, akatutoka. Baada ya hapo baba akawa kila asubuhi ananyoa ndevu, anapiga pasi shati, anafunga vifungo vyote, halafu anakaa kwenye kochi. Basi. Televisheni imezimwa, dirisha limefungwa. Ukimwambia "Shikamoo, baba," anaitika "Marahaba," na hiyo ndiyo hotuba yake ya siku nzima. Jioni nikirudi namkuta palepale, shati halina hata mkunjo. Iliniuma, na sikujua la kufanya.

Siku niliyomwambia tunatafuta mpiga ngoma, msidhani nilikuwa na roho nzuri. Nilikuwa nataka ngoma zake. Yeye akainuka, akashusha maua, akakunja shuka pembe kwa pembe, akauliza, "Mazoezi saa ngapi?"

Alifika kabla yetu sote. Friza alipokuja na funguo alimkuta amesimama wima mlangoni, vijiti vya ngoma kwapani, viatu vinang'aa. Na tangu siku hiyo kochi likabaki tupu. Baba akawa anapiga mluzi akipiga pasi. Akaanza kusalimiana na majirani. Siku moja nikamsikia anacheka peke yake uani, anasugua matoazi kwa dawa ya kung'arishia shaba, nikasimama nyuma ya mlango muda mrefu kwa furaha.

Sasa niwaeleze shida yenyewe. Kwenye reggae unahesabu moja, mbili, tatu, nne kama kawaida, ila ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu hailii kwenye moja. Moja inaachwa tupu, mguu unashuka kwenye tatu. Hapo ndipo mtu anapoanza kuyumba kwa raha. Baba naye, maisha yake yote, moja ndiyo ilikuwa mkate wake. Moja, kushoto! Akiikosa moja, kikosi kizima kinagongana visigino. Kwa hiyo ukimpa wimbo wowote, mguu wake wa kulia unaangukia pale pale kwenye moja, puu! Wimbo wangu wa kwanza, uliokuwa unalia kwa niaba ya wanyonge wote duniani, ukawa wa kukaza mkanda na kupiga saluti. Mwalimu alijikuta anapiga kwata akiwa kwenye kinanda, anajilaumu lakini hawezi kuacha.

"Mzee," Mwalimu akamwambia, huku akichora namba kwa chaki kwenye mlango wa jokofu, "hii moja unaiacha."

"Naiacha iende wapi?"

"Haiendi popote. Inabaki tupu."

"Kwa hiyo mnaanza wimbo bila kuanza?"

Mwalimu akaifuta ile moja kwa kiganja, kisha akaichora upya.

Halafu ikaja habari kwamba hoteli moja yenye bustani inatafuta bendi ya kupiga kila Jumamosi alasiri, na meneja atatusikiliza Jumamosi inayokuja. Friza akanivuta pembeni, nyuma ya majokofu.

"Mzee namheshimu kama baba yangu mzazi," akasema. "Lakini kwa gwaride lile tutafukuzwa kabla ya ubeti wa pili. Kuna kinyozi mmoja ana ngoma zake, na reggae anaijua. Mwambie mzee apumzike. Wewe ndiye mwanawe."

Mimi, niliyekuwa naimba kwamba siogopi mtawala wala bunduki! Jumatatu nilimkuta baba anapiga pasi, nikajikaza, nikafungua mdomo, nikamuuliza kama chai ina sukari. Siku iliyofuata nilimfuata mpaka uani, nikapiga moyo konde, nikamsifia matoazi. Kila nikitaka kusema nilikuwa naliona lile kochi. Nikimwambia hatumtaki, atakaa pale, na safari hii hatainuka. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu.

Alhamisi nikabahatika kusema nusu. "Baba, wenzangu wanasema ile moja..."

"Mguu umezoea," akanikata kauli, wala hakukasirika. "Tuufunge."

"Tuufunge?"

"Kuruta asiyejua kulia na kushoto tulikuwa tunamfunga kitambaa mguuni, akishajua tunamfungua. Lete kamba."

Nanyi mnadhani tulimkatalia? Bendi nzima, pamoja na Mwalimu anayefundisha hesabu, tukaona hiyo ndiyo akili. Kamba ikafungwa kwenye kifundo cha mguu wake wa kulia, ikapitishwa chini ya kigoda, ncha akapewa Mwalimu, ambaye mkono wake wa kushoto haukuwa na kazi nyingi. Kwenye moja Mwalimu anavuta, kwenye tatu anaachia. Na kweli ikakubali! Mpaka jioni ya Ijumaa tulikuwa tunayumba kama watu wenye kujua wanachofanya. Friza akasema, "Haya, twende naye."

Jumamosi tukapanga vyombo kwenye bustani, baina ya viti vya plastiki na mhudumu aliyekuwa anafuta meza. Meneja alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani, simu mbili mkononi. Nikafumba macho kama kwenye bango, nikaanza wimbo wangu.

Yaliyotokea sikuyaona, nilisimuliwa. Mwalimu, kwa tamaa ya kumwonyesha meneja kwamba anapiga kinanda kwa mikono yote miwili, aliifunga ncha ya kamba kwenye mguu wa stendi ya kinanda. Baba akafika kwenye moja. Mguu ukaenda kwenye moja yake, stendi ikaufuata mguu, kinanda kikaifuata stendi, na Mwalimu akakifuata kinanda. Mimi nilisikia kishindo nikadhani wimbo umeshika moto, nikazidisha hisia. Niliimba ubeti mzima peke yangu. Nilipofumbua macho, mhudumu alikuwa amejiziba uso kwa kitambaa cha meza, mabega yanamtikisika.

Nikageuka. Baba ameinama anafungua fundo.

"Mwiteni yule kinyozi," akasema taratibu, bila kuniangalia.

Alikuwa anajua. Wiki nzima alikuwa anajua! Karakana ile imejaa mabati, sauti inafika kila kona, nasi tulijiona tunanong'ona. Alijua, akapiga pasi shati, akaja na kamba.

Nikachuchumaa mbele yake, najifanya natengeneza waya. Sijui maneno yale yalitoka wapi, maana sikuyapanga. "Baba, unakumbuka ulivyokuwa unatembea na mama mkienda kliniki?"

Akaniangalia.

Nilikuwa nawaona kutoka mlangoni pa fotokopi. Baba yangu, mtu aliyetembea kama gwaride hata akienda chooni, alijifunza mwendo mwingine miezi ile ya mwisho. Alikuwa ananyanyua mguu, anaushikilia hewani, anamngoja mama amfikie, kisha ndipo anaushusha. Barabara nzima hivyo. Wapita njia wanawapita, yeye hana habari nao.

"Tembea vile," nikamwambia.

Baba akatoa leso, akajifuta uso, akakaa sawa kwenye kigoda. Mwalimu akainua kinanda, ambacho kwa kudra za Mungu kilikuwa kimepoteza vitufe viwili tu. Friza akaanzisha besi, nami nikaanza tena kuimba, yeye akiniitikia. Nikauona mguu wa baba unainuka. Moja ikafika, mguu ukabaki juu, unangoja, unangoja, kisha ukashuka kwenye tatu, polepole, kwa adabu. Akarudia, na akarudia tena. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kola, mguu haukosei hata mara moja. Mhudumu akaacha kucheka, akaanza kuyumba na kitambaa chake. Meneja akaziweka simu zote mbili mezani.

Tulipomaliza akatusogelea. "Nawachukua. Kila Jumamosi. Mzee, ngoma yako imenigusa, sikufichi." Baba akabana visigino kwa furaha. "Ila huyu anayeimba, hapana."

Nikageuka nyuma nimwone huyo anayeimba vibaya. Nyuma yangu kulikuwa na ua wa michongoma.

"Aimbe huyu mrefu," meneja akaendelea. "Anapoitikia, angalau mtu anasikia wimbo."

Friza akainamisha kichwa, maskini, anatazama viatu vyake kama mwizi. Nami nilisimama pale na rasta zangu wima, sina pa kuuweka uso. Niliumia, siwadanganyi. Niliumia mpaka masikio yakavuma.

Baba akainuka, akaweka vijiti kwapani. "Bila kijana wangu, nami narudi nyumbani."

Nyumbani. Nikaliona kochi, nikaliona dirisha lililofungwa. Meneja alikuwa ameshaanza kuokota simu zake.

"Baba, aa, kaa!" nikasema, na nikacheka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Mimi mwenyewe nilikuwa nataka kuacha kuimba. Koo linanisumbua. Nilitaka gitaa tu, nilikuwa naona haya kuwaambia. Friza ashike kipaza sauti. Kweli kabisa."

Nikakichomoa kipaza sauti kwa mkono wangu mwenyewe, nikampelekea Friza. Alikipokea kwa mikono miwili, kama mwungwana. Meneja akaridhika, akaenda zake. Mwalimu akaanza kutafuta vitufe kwenye nyasi.

Nikabaki nakunja nyaya, kichwa chini. Baba akaja akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu yangu.

"Koo linakusumbua tangu lini?"

"Tangu leo, baba."

Akapangusa vijiti vyake kwa leso. "Marehemu mama yako alikuwa anasema utaumia sana siku utakayoambiwa."

"Kuambiwa nini?"

"Kwamba huwezi kuimba."

Waya ukanitoka mkononi. "Mlikuwa mnajua?"

"Mtaa mzima, mwanangu."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Alinituma mara nyingi nikakwambie," akasema baba. "Nafika mlangoni kwako, nakukuta unaimba, umefurahi, hata hunioni. Basi narudi jikoni, namdanganya mama yako kwamba nimeshakwambia."