Asubuhi Bibi Alipoacha Kuitikia

Kila asubuhi babu huzungumza dirishani na bibi humwitikia kutoka uani. Babu hukaa kitandani, kikombe cha kahawa kikiwa kwenye kizingiti cha dirisha. Bibi hukaa kwenye kigoda nje ya dirisha hilohilo, ameligeuzia mgongo, mbele yake chuma cha vitumbua. Hawaonani. Babu husema kipande, hunyamaza. Bibi hugeuza kitumbua, husema, "Ehee." Babu huendelea.

Kwetu mtaani Ngamiani mtu haachwi azungumze peke yake kama redio. Msemaji akitua bila kuitikiwa, maneno humkauka, na majirani huanza kuuliza nani kamnunia nani.

Asubuhi hiyo babu alisema kwamba lori la Mzee Hoza litakuja Jumamosi kuchukua vitu vya kwenda Muheza. Akanyamaza, akangoja.

Bibi aligeuza kitumbua. Hakusema kitu.

Babu akarudia, kwa sauti ya juu kidogo, kwamba lori la Mzee Hoza, lile la kubebea machungwa, litakuja Jumamosi. Bibi akakiopoa kitumbua, akakiweka kwenye sinia pamoja na wenzake. Nilikuwa nakuna nazi karibu na mlango wa jiko. Nikaacha, maana mbuzi ya kukunia ilikuwa inapiga kelele kuliko watu wote waliokuwapo.

"Mama Salha," babu akaita.

"Abee."

"Unanisikia?"

"Nakusikia."

Babu alingoja nyongeza. Haikuja. Akanywa kahawa yake yote, pamoja na unga wa chini, ambao kwa kawaida humwaga.

Habari ya Muheza ilianza wakati wa masika. Babu, aliyestaafu reli, alirithi shamba la kaka yake huko, na nyumba ya vyumba viwili katikati ya michungwa. Alisema anataka kupumzika mahali ambapo jirani hasikii mtu akikohoa. Kila asubuhi aliongeza jambo dirishani. Bati limebadilishwa. Ehee. Kisima kimesafishwa. Ehee. Choo kimepata mlango. Ehee. Mwishowe akaenda kuwatangazia wazee wenzake barazani kwamba mkewe amekubali, tena bila ubishi, na wao wakampongeza kwa kuoa vizuri.

Shangazi Salha alipopiga simu kutoka Korogwe kuuliza kama ni kweli wanahama, bibi alimjibu, "Inshallah," kisha akamuuliza habari za kuku. Bi Chausiku wa nyumba ya pili alipokuja kuulizia kabati, kwa kuwa si rahisi kulipakia, bibi alimwambia kabati hilo haliendi popote. Bi Chausiku alishukuru akidhani amepewa.

Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo cha ualimu. Niliyaona haya yote na nikaendelea kukuna nazi. Maneno ya wakubwa huwa siyaingilii. Hata ya wadogo huwa nayaingilia kwa shida. Lakini usiku nilimsikia bibi akihesabu kwa sauti ndogo majina ya wateja wake wa asubuhi, kama mtu anayewaombea dua, na sikupata usingizi vizuri.

Siku ya pili ya ukimya, babu aliniita ndani.

"Mke wangu," alisema, maana ndivyo anavyonitania, "kaa hapo. Kazi yako ni ndogo."

Nikakaa. Akaanza kunieleza jinsi kisima kilivyochimbwa. Alipotua nikasema, "Sawa." Akanikazia macho. Akaniambia kwamba sawa ni neno la mtu anayetaka kuondoka, na mimi ndiyo kwanza nimekaa. Akaanza upya. Nikasema ehee kabla hajafika popote. Akauliza chuoni wanatufundisha nini.

"Mke mwenzangu," bibi akaniambia kutoka nje, bila kugeuka, "mwache mzee avute pumzi kwanza."

Babu aliposikia sauti hiyo alisogea dirishani haraka, akataja michungwa. Uani kukawa kimya tena. Nikaruhusiwa kuondoka.

Mchana akamkaribisha Mzee Hoza mwenyewe kwa kahawa. Mzee Hoza ni mtu mwema, hukubaliana na kila anayemkaribisha.

"Ile nyumba ya Muheza," babu alianza, "ina..."

"Kabisa," akasema Mzee Hoza.

"Sijasema ina nini."

"Hata hivyo, bwana. Kabisa."

Babu alimpa kashata nyingine ili awe na kitu mdomoni. Haikusaidia. Mzee Hoza alikubali kisima, akakubali bati, akakubali hata babu aliposema kwamba hamsikilizi. Alipoondoka babu alibaki amekaa na kikombe kitupu, na nilimhurumia. Kumbe mtu anaweza kukubaliwa kila kitu asiwe na wa kuzungumza naye.

Ijumaa asubuhi dirisha halikufunguliwa. Babu alitokea mlangoni akiwa amebeba kiti, akakiweka uani, mbele ya bibi, mafuta yakiwa bado yanachemka. Sijawahi kumwona akifanya hivyo. Bibi alimtazama mara moja, akaongeza ukuni.

"Baba Salha," alisema, akanyamaza.

Babu naye akanyamaza. Alikuwa anangoja bibi aendelee. Bibi alikuwa anangoja aitikiwe. Kitumbua kikaanza kuungua pembeni. Najua haikuwa kazi yangu kukiokoa, lakini nilisema, nikiwa nimeinamia mbuzi, "Babu, ni zamu yako."

"Zamu ya nini?"

"Ya kuitikia."

Babu alikitazama kitumbua kilichokuwa kinaungua.

"Ehee," akasema, kama anayeonja dawa.

Bibi akageuza kitumbua. Akasema kwamba alizaliwa mtaa huu, nyumba ile yenye mlango wa bluu. Ehee, akasema babu. Kwamba jeneza la mama yake lilitokea uani hapa, na waliolibeba hawakuitwa, walitoka tu majumbani mwao wenyewe. Ehee. Kwamba alfajiri, babu akiwa bado anakoroma, watoto wa shule hugonga geti na visahani vyao, na kuna kitoto kimoja hakiwezi kula kitumbua mpaka bibi akipulizie. Babu hakuwa anakijua kitoto hicho. Ehee, alisema, taratibu zaidi, na safari hii ilikaa mahali pake.

"Mume hasemi akaachwa bila kuitikiwa," bibi akaendelea. "Nilifundishwa hivyo. Hata akizungumzia choo."

"Ehee. Lakini ulikubali."

"Nilikuitikia."

Babu aliinama. Alitazama chuma cha vitumbua, tundu moja baada ya jingine.

"Sikukuuliza," alisema.

Bibi hakumsaidia. Mimi niliacha kabisa kujifanya nakuna.

"Basi nakuuliza, Mama Salha. Unataka twende?"

Bibi aliweka chini kijiti cha kugeuzia. Alifuta mikono kwenye kanga, wa kulia, kisha wa kushoto. Katika nyumba hii jambo lisilotakiwa huambiwa inshallah, au tutaona, au Mungu akipenda, na nilidhani litaambiwa hivyo tena. Lori lilikuwa linakuja kesho.

"Sitaki," alisema bibi. "Muheza siendi. Na wewe usiende, maana nikikaanga vitumbua dirisha likiwa limefungwa, vinaungua."