Mgomba wa Audax

Gregori alikuja makaburini na ndoo ya samadi, akasimama mbali nami, hathubutu kusogea. Harufu ilimtangulia. Nilitaka kumwambia aondoke na uchafu wake, lakini mgomba nilioupanda kichwani pa kaburi la mume wangu, Audax, ulikuwa umenyauka, na mchanga wa Temeke haulishi mtu wala mmea.

Tulitoka Bukoba baada ya vita vya Hitla, Audax akapata kazi kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa la Mzungu mmoja. Alisukuma mavi na mikojo kutoka zizini hadi kwenye shimo la saruji, akayakoroga yasigande, kisha akayachota kwenda kumwagia majani ya malisho. Kwetu samadi hailali shimoni. Asubuhi ileile inapelekwa mgombani. Basi akalicheka lile shimo. "Mavi wanayawekea akiba," aliniambia, "utadhani siagi!" Jioni alijibebea ndoo moja kwa ajili ya migomba yetu nyuma ya kambi ya wafanyakazi.

Kisha wageni wa Mzungu wakalalamikia harufu, shimo likafunikwa kwa mbao na mabati. Masika yalipokaribia ikabidi lichotwe lisije likafurika. Walifunua pembe moja tu. Gregori, mwenzake aliyetoka Masasi, akashuka ngazi kufuata ndoo iliyochomoka kamba, akaanguka bila hata kupiga kelele. Audax alidhani ameteleza. Nani kwetu aliwahi kusikia samadi inaua kwa pumzi yake? Akashuka, akamfunga Gregori kamba, watu wakamvuta. Kamba iliporudishwa chini, hapakuwa na wa kuishika.

Kwetu mwenye nyumba huzikwa kibanjani pake, shambani panapozunguka nyumba, kati ya migomba, watoto wapite hapo kila siku. Nilimpigia Mzungu magoti anipe pale nyuma ya kambi.

"Anasema hii si ardhi yenu, mama," msimamizi alinitafsiria, akitazama viatu vyake.

Hapo nililia kuliko nilivyolia walipomtoa shimoni. Tukamzika mchangani, kati ya watu asiowajua. Kesho yake nikang'oa chipukizi kwenye migomba yake, nikaja nalo.

"Shemeji," Gregori alisema, "najua hutaki hata kuiona. Ila bila hii, mgomba utakauka."

Ndiyo harufu aliyokuwa akirudi nayo Audax kila jioni, nami nikimfukuza akaoge kwanza.

"Lete," nikasema. "Usimwage shinani, zungushia pembeni. Audax hapendi imwagwe shinani."