Kompresa Iliyolazwa Ubavu

Jumamosi ile Genge la Barafu lilikuwa lichague mtambo mmoja wa kupooza kompyuta, na Everson hakuwa na shaka kwamba wake ndio utakaochaguliwa. Genge lenyewe lilikuwa vijana kumi na mmoja wa mji wa Joinville wenye wazimu wa aina moja: kuikimbiza kompyuta ya nyumbani kupita kasi iliyopangiwa kiwandani. Kompyuta ikikimbizwa hivyo huchemka, na feni haifui dafu. Ndipo wakafikia kuipachika mtambo kama wa friji, wenye kompresa na gesi, mpaka moyo wa kompyuta ugande chini ya sifuri. Mwenye mtambo utakaochaguliwa angekwenda São Paulo kwenye mashindano, na akirudi awaundie wenzake wote mitambo kama huo.

Mitambo iliyoshindana ilikuwa miwili. Mmoja ulikuwa wa Taciano, mkubwa wa genge, wa dukani, kutoka Denmark. Ulikuwa unang'aa kama jeneza la tajiri, na watu wa forodha walimkamua mpaka akauza pikipiki. Wa pili ni wa Everson: kompresa ya friji kuukuu, na mabomba ya shaba yaliyopindwa vizuri mpaka unatamani kuyashika. Picha zake zilikuwa zimezagaa mtandaoni mwezi mzima, na watu wakawa wanamwita Profesa. Wakimuuliza kile kiungo alikichomeaje, alijibu, "Ni mazoezi tu, ndugu zangu."

Mazoezi! Everson hajawahi kuchomea hata kijiko. Aliyeunda mtambo ule, tangu skrubu ya kwanza, ni mama yake, Dona Nelci, aliyekula miaka ishirini na sita kiwandani akiunga kompresa, na sasa anatengeneza friji za majirani uani kwake. Kazi ya Everson ilikuwa kupiga picha, akihakikisha mikono ya mama haionekani.

Asubuhi ile mama alitoka chumbani amevaa viatu vyake vizuri.

"Twende wote," alisema. "Nitaupakata mpaka tufike."

"Garini hakuna nafasi, mama."

"Gari lote hilo halina nafasi ya mtu mmoja?"

"Ni vijana watupu kule. Utachoka bure."

Dona Nelci alimtazama kidogo, akarudi ndani kuvua viatu. "Haya. Usiulaze tu," alisema akiwa huko huko chumbani.

Joinville hata mtoto wa chekechea anajua kwamba friji hailazwi. Nusu ya mji ule imekula mshahara wa kiwanda cha kompresa. Ukiilaza, mafuta ya kompresa yanakimbilia mabombani, na ukishafanya ujinga huo, unaisimamisha na kuiacha nusu siku ndipo uiwashe. Everson alijua hayo yote. Lakini kwenye kiti cha mbele mtambo ulikataa kusimama. Kila kona ulitaka kuanguka, na mtu wa kuupakata alikuwa amemwacha nyumbani. Alisimamisha gari, akaulaza ubavu kwenye buti, akaufunika blanketi.

Kwa Taciano mvua ilikuwa inanyesha na nyama inachomwa barazani. Kabla Everson hajashusha pumzi walishamzunguka.

"Profesa! Hebu washa tuone, wewe!"

"Au unaogopa Denmark?"

Everson akawasha. Nani angewaambia watu wale wasubiri nusu siku, halafu aulizwe sababu?

Rúbia, msichana pekee wa genge, ndiye aliyeshika kipimajoto. "Kumi na tano," alisoma. "Kumi. Nane. Nane tena. Kumi na mbili... Profesa, mbona unapanda badala ya kushuka?"

Taciano alitega sikio kwenye kompresa, kisha akaangua kicheko. "Mafuta yameziba kibomba cha gesi! Umeulaza, bwana! Mtu wa Joinville mzima unalaza kompresa? Wakisikia kiwandani watakuhamisha mji!"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga bia. Everson naye akacheka, masikio yakimuwaka moto.

"Si neno," Taciano alisema. "Kata kibomba, badilisha, jaza gesi. Nyama itakuwa haijaiva. Uliouunda mwenyewe utakushinda?"

Hapo angeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na wale hawakuwa watu wabaya. Wangemtania wiki mbili, yakaisha. Badala yake alisikia mdomo wake ukisema, "Vifaa nimeviacha. Kuna fundi mmoja wa friji mtaani kwetu. Ngoja nimpigie aje na vyake anisaidie."

Dona Nelci alifika kwa baiskeli baada ya saa nzima, amelowa chapachapa, pampu kwenye kikapu na mtungi wa gesi umefungwa nyuma kwa kamba. Alikuwa hatua mbili tu kutoka mlangoni Taciano alipouliza, "Nani huyu?"

"Ndiye yule fundi wa mtaani," alisema Everson.

Mama alisikia. Everson alijua amesikia, kwa kuwa alisimama, akajifuta uso polepole kwa kiganja, kama mtu anayetaka kuhakikisha ameingia nyumba sahihi.

"Hamjambo," aliwaambia wote. Kisha akamgeukia mwanawe. "Haya, bosi. Tatizo nini?"

Bosi! Everson alitamani ardhi ipasuke immeze. Alieleza kwa sauti ya chini, mama akiitikia kwa kichwa kama hajui mtambo ule. Akaitoa gesi, akakata kibomba kilichoziba, kisha akainua macho.

"Bosi, kipya nikate urefu gani?"

Watu kumi walimgeukia Profesa.

"Mita moja," alisema Everson.

"Sawa, bosi." Dona Nelci akanyoosha mikono, akapima karibu mita tatu, akakata.

"Mbona mama amezidisha?" Taciano aliuliza.

"Bosi amehesabu baada ya kukikunja," alijibu Dona Nelci bila kugeuka, akawasha moto wa kuchomea.

Alifanya kazi saa mbili, akaikamilisha bila kumwangusha mwanawe hata mara moja. Kila alipomaliza jambo aliuliza, "Hivi ndivyo ulivyotaka, bosi?" na Everson alijibu ndiyo. Mtambo ulipowashwa, Rúbia alianza kusoma na hakunyamaza tena: sifuri, kumi chini ya sifuri, thelathini, arobaini na moja chini ya sifuri. Denmark ilikuwa imeishia thelathini na nane. Baraza zima lilipiga kelele. Walimbeba Everson juu juu, Taciano mwenyewe akamkumbatia.

"São Paulo ni yako, Profesa! Na wa kwanza uniundie mimi!"

Dona Nelci alikuwa anakusanya vifaa vyake. Taciano, ambaye furaha ilimfanya mkarimu, alimkatia kipande cha nyama.

"Kazi unaijua, mama. Una watoto?"

"Ninaye mmoja."

"Basi mlete ajifunze kwa Profesa wetu."

"Hana haja," alisema Dona Nelci. "Ana akili kuliko mimi, yule. Ni mtoto mzuri."

Everson hakuweza tena. "Ni mimi!" alisema, na sauti ikamkatika. "Ni mama yangu huyu. Yeye ndiye aliyeuunda. Wote. Mimi sijui hata kuchomea."

Kwanza walicheka. "Profesa na utani wake!" Lakini Taciano aliona macho yake, kicheko kikamfia mdomoni.

"Ni kweli, mama?"

Dona Nelci alimtazama mwanawe kuanzia viatu mpaka usoni, bila haraka na bila hasira.

"Mimi nimeitwa hapa kama fundi," alisema. "Hapa sina mtoto."

Hakuna aliyecheka. Kwa jinsi alivyoyatamka, kila mtu pale barazani alijua huyo ni mama mtu. Alirudisha kile kipande cha nyama kwenye sinia bila kukigusa kwa meno, akaisukuma baiskeli yake hadi getini, akapanda, akaondoka mvuani. Everson alibaki katikati ya wenzake, na hakuna aliyemwita Profesa.