Budapest ya Baba Anatoli

Clemens alirudi Samuye siku ya Jumatano, na Jumamosi ndiyo iliyowekwa kuwa siku ya kunyoa. Mwanawe Anatoli, aliyepelekwa Hungaria kusomea uhandisi wa madini, alikuwa amefia huko kwa homa ya mapafu. Maiti haikuweza kurudishwa, kwa hiyo chuo kikamtumia baba tiketi ya ndege aende akazike. Sasa ukoo umekusanyika, mikeka imetandikwa, Salvina, dada yake Clemens, amenoa wembe. Watu wanyolewe, matanga yaishe, kila mtu arudi shambani kwake, maana mvua zilikwisha kuanza.

Melania, mama wa marehemu, alikubali yote kwa sharti moja. Hatainamisha kichwa chake mpaka mumewe amwambie kwamba aliuona uso wa mtoto. Kwao hivyo ndivyo mtu anavyozikwa: wa damu yake anafunua sanda, anamtazama, anarudi kwa mama na kusema, ndiye. Bila hivyo kilichofukiwa ni sanduku tu. Salvina alimwambia asijitafutie makubwa, kwani ni baba gani atakayesafiri mpaka Ulaya asimtazame mwanawe? Tangu taarifa ifike Melania hakuwa akisikia njaa wala baridi, na hata machozi yalimtoka pale tu alipoona wenzake wanalia.

Shida ilikuwa kumpata Clemens. Tangu Jumatano waombolezaji walikuwa wamemzingira, na waombolezaji nao ni watu, wakionjeshwa habari za Ulaya hawabanduki. Jumamosi asubuhi jirani yao Mageni, ambaye maswali hayajawahi kumwishia, alimtaka aanze tena. Clemens akaanza. Akaeleza mto uliougawa mji, na daraja lenye simba wa mawe waliolala huku na huku. Akaeleza behewa linalovutwa kwa kamba kupanda mlima mpaka kwenye jumba la wafalme wa zamani, na treni inayopita chini ya ardhi. Akafika kwenye hamamu lililo nje, mvuke unapanda, theluji inawaangukia waogaji kichwani, na wazee wamezama kifuani katika maji ya moto wakicheza mchezo kama bao. Mageni akauliza kama wake zao wana habari. Watu wakacheka, kisha wakakumbuka walipo, wakakohoa.

Melania hakucheka wala hakuudhika. Alikuwa akisikiliza mpangilio wa maneno. Vituko vyote hivyo vilikuwa vya siku moja. Siku ya pili Clemens aliipitia kwa kusema, "kesho yake tukazika," kisha akarudi darajani.

"Baba Anatoli," akamwita. "Uso wake uliuona?"

"Niliuona."

"Ulikuwaje?"

"Mzuri."

Akangoja aendelee. Mtu aliyeusimulia mji asubuhi nzima, jiwe kwa jiwe, amemmaliza mwanawe kwa neno moja. Melania akajua.

"Nitazame mimi," alisema, "halafu useme tena."

Clemens alimtazama, na hakuweza kusema tena.

"Walinitembeza, Mama Anatoli," alisema hatimaye. "Nilifika asubuhi. Mzee mmoja wa chuo akaja na Donatus, mwenzake Anatoli, atutafsirie. Akasema kwanza nitulize moyo, niuone mji ambao mtoto aliupenda. Nikasema ahsante. Mgeni utakataaje? Kila tulipomaliza mahali nilidhani sasa tunakwenda kwake. Tulipofika ilikuwa jioni. Sanduku limekwisha kufungwa, na kwa sheria yao likifungwa halifunguliwi."

"Hukuomba?"

"Niliomba. Lakini nilipoomba nilikuwa nimechelewa."

Melania alijaribu kumkasirikia akashindwa. Alimwona tu akipelekwa huku na huku kutwa nzima, kama ng'ombe wa mnadani, akiitikia kila anachoonyeshwa. Hata yeye angeitikia.

Salvina akasogea na kigoda. Akasema padri alikuwepo kaburini, sala zilisomwa, Mungu anamjua aliyemo ndani ya sanduku, basi wifi yake aje akae. Melania akamwambia aufunge wembe. Kisha akamwita Esta, binti wa kaka yake, ambaye mikono yake ilisifiwa kwa kusuka, akamwambia alete kitana.

Esta alisimama pale pale. Mfiwa hasuki nywele, na kila mtu mkekani alilijua hilo.

"Leta, mwanangu," Melania alisema, akikaa chini na kumpa mgongo. "Mwenye msiba ndiye anayenyoa. Mimi nina mtoto aliye masomoni."

Esta akawatazama wakubwa. Clemens alikuwa ameweka mikono magotini, hakumkataza. Esta akaleta kitana, akapiga magoti nyuma ya shangazi yake, akaanza kuzichambua nywele.