Friji Iliyonyamaza

Mfamasia wa zahanati na shemeji yake, kaka wa mkewe, walikuwa wakicheza chesi kwa simu, hatua moja kwa siku, na walikubaliana kwamba kutumia programu ya kompyuta ni ruksa. Shemeji alikuwa ameshinda mara sita mfululizo, na kila akija kula alihakikisha watoto wanalijua hilo.

Asubuhi moja, siku ya chanjo, mfamasia alimpigia.

"Programu yangu nzito," alilalamika. "Nusu saa nzima haijaamua malkia aende wapi."

"Umeipa kumbukumbu kiasi gani?"

"Imeandikwa megabaiti kumi na sita."

Shemeji alicheka mpaka akakohoa. "Hiyo inafikiri huku inasahau! Ingia kwenye mipangilio, uiongezee. Kompyuta ina giga ngapi?"

"Nane."

"Ipe mbili, tatu. Usiimalizie zote, shemeji. Na vingine vinataka kupumua."

Akaipa saba.

Kompyuta hiyo ya stoo ya dawa ndiyo iliyolinda friji ya chanjo. Pembeni mwa kioo palionekana joto la friji, na saa chini yake. Joto likipita nyuzi nane, kengele ilipaswa kulia. Paliandikwa nyuzi nne. Mfamasia alipatupia jicho tu. Uchambuzi ulikuwa umezama hatua thelathini mbele, na kwa mara ya kwanza aliuona mtego wa shemeji yake wote, mwanzo hadi mwisho. Mwili ukamsisimka.

Muuguzi aliingia kuchukua chanjo ya surua, maana ugonjwa ulishafika mitaa ya jirani.

"Friji iko sawa?"

"Nyuzi nne, dada."

Akaja tena. Nyuzi nne. Mara ya tatu alisimama mlangoni, sikio kalitega.

"Leo friji yako ina adabu. Hata kunguruma haingurumi."

Mfamasia alitabasamu, kisha tabasamu likamkauka. Alitazama pembeni mwa kioo: nyuzi nne, saa tatu na dakika kumi. Saa yake ya mkononi ilisema saa sita kasoro robo. Akabofya, kishale hakikusogea: kompyuta ilikuwa imeganda, na kengele pamoja nayo. Friji ilikuwa imezimika; alipoifungua, hewa ya uvuguvugu ilimpiga usoni. Kipimajoto cha ndani kilisoma nyuzi kumi na tisa.

"Umechanja watoto wangapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Kumi na mmoja."

Angeweza kuzima kompyuta na kuusingizia umeme. Wazo hilo lilimpitia, likakaa kidogo. Kisha akaenda kwa daktari mkuu na kumweleza yote, chesi na kumbukumbu na zile giga saba. Daktari alimsikiliza hadi mwisho, akamsogezea karatasi.

"Yaandike. Chanjo iliyopata joto haikingi. Halafu waite warudi, mmoja mmoja, kwa sauti yako mwenyewe."

Mpaka alasiri mama kumi walikuwa wamejibu. Mmoja alimtukana, na mfamasia akapokea matusi yote. Simu ya kumi na moja haikupatikana. Akaenda mwenyewe kwa miguu, nyuma ya machimbo ya kokoto, akaukuta mlango umefungwa kwa kufuli.

Jirani alitoka akifuta mikono. "Wamesafiri mchana huu huu. Mama mtu alisema sasa hana wasiwasi, mtoto kachanjwa. Wameenda kumuuguza dada yake."

"Anaumwa nini?"

"Vipele mwili mzima," jirani alisema. "Na macho mekundu. Nawe wamtafutia nini?"