Keki ya Kosa la Torben

"Ijumaa utuletee keki, Vibeke," Torben alisema mbele ya watu wote, kikombe cha kahawa mkononi. "Na iwe ya krimu."

Wakacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Kicheko hicho kinaniuma hadi leo, miaka kumi na mmoja baadaye.

Kazini kwetu Aarhus, Denmark, desturi ni hiyo: aliyeharibu analeta keki, watu wanakula, yamekwisha. Desturi nzuri, sikatai. Ila inataka aliyeharibu ndiye aoke.

Tulikuwa tukipanga safari za wazee kwenda kusafishwa damu hospitalini. Orodha zilikaa kwenye hifadhidata inayoshika kila kitu kwenye kumbukumbu ya kompyuta, upesi ajabu, na kila baada ya muda ikiandika nakala kwenye diski, ili seva ikizimwa pasipotee kitu. Kwenye seva moja niliendesha mbili: moja ya mjini, moja ya vijijini. Kila moja niliipa mlango wake, yaani namba yake ya kuingilia, faili yake ya mipangilio na folda yake ya kuandikia nakala. Nilibandika hata karatasi ukutani: KILA MMOJA NA CHUNGU CHAKE.

Nilipokwenda likizo, Torben, mkuu wetu, akataka ya tatu, ya kuonyeshea wateja. Akanakili faili ya mjini, akabadilisha namba ya mlango, akaona imewaka, akaenda zake kula. Folda hakuigusa! Basi hifadhidata mbili zikawa zinaandika chungu kimoja, ya mwisho kuandika inafuta ya mwenzake. Jumatatu seva ikazimwa na kuwashwa, na ile ya mjini ikaamka na majina manne ya uongo ya ile ya kuonyeshea wateja: Mgonjwa wa Kwanza, wa Pili, wa Tatu, wa Nne. Madereva wakakaa tu, hawana pa kwenda.

Bi Agnete Kvist, mwenye miaka themanini na mmoja, alisimama kwenye ngazi za nyumba yake akingoja gari kwa muda wa saa tatu, koti limefungwa vifungo vyote, theluji ikimwangukia.

Niliporudi nilimwonyesha Torben ile faili mbele ya wenzetu. Jina lake lilikuwa pale, pamoja na tarehe.

"Sawa, sawa," akasema. "Lakini seva ni ya nani? Si yako, dada? Usifanye jambo dogo kuwa msiba."

Jambo dogo! Mtu mzima, hana hata haya. Na wenzangu, waliokuwa wakiipita karatasi yangu kila siku, wakatazama viatu vyao. Nilikuwa na sifa moja tu pale, ya kufanya kazi safi, na walinivua hivi hivi huku wakicheka.

Ijumaa nilioka. Nikafika mlango wa ofisi na boksi mikononi, nikasikia vikombe vikipangwa ndani. Nikageuka, nikapanda basi.

Bi Agnete alifungua mlango kidogo. Nilimweleza nilikotoka, na kwamba gari halikumfikia kwa kosa la ofisi yetu. Akaitazama keki, akanitazama mimi.

"Ni wewe uliyekosea?"

"Hapana, mama."

"Aliyekosea yuko wapi?"

"Ofisini. Anangoja keki."

Akafungua mlango wote, akaenda kutafuta kisu.

"Na angoje," akasema. "Mimi nilingoja."

Akakata vipande viwili vikubwa, akanivutia kiti.