Kikuba cha Dada Mwajabu

Asubuhi ile mie nilikuwa nimekaa ukumbini na mkasi mdogo, nafumua bandi. Bandi ni zile nyuzi ndefu za kushikiza nguo kwa muda tu. Unazipiga haraka, unazitoa haraka, na hakuna anayekuambia ahsante. Ndo maana kazi ile nilipewa mie.

Kanga zenyewe hazikuwa zetu. Zilikuwa za Bwana Salumu, mwenye duka la nguo kule Kariakoo, na dada yangu Mwajabu alikuwa kazivaa jana yake, Ijumaa, akitembezwa mjini watu wamwone. Sasa kanga ya dukani haikatwi. Anayeinunua ndiye anayeikata doti ikawa vipande viwili, ndiye anayepinda, na akishaikata ni yake. Bwana Salumu yeye alitaka kanga zake zivaliwe, na alitaka zirudi dukani zikauzwe mpya. Basi kila Ijumaa nikitoka shule, hata uji sijanywa, namkunjia dada doti nzimanzima, moja kiunoni, moja mabegani, nazishika kwa bandi zisitawanyike. Anatoka nje kavaa kanga nne mwili mmoja, jasho linamchuruzika mgongoni, na watu Temeke nzima wanasema, "Loo, mtoto yule ana umbo!"

Umbo gani? Marobota yale.

"Fumua taratibu," dada akaniambia. Alikuwa kajilaza kitandani, mlango wazi, kapaka liwa usoni. "Ukichana kanga ya watu shauri yako."

"Si uje ufumue mwenyewe."

"Kwa vidole hivi? Hujui kesho wakwe wanakuja?"

Nikanyamaza. Mie ni mtu wa kunyamaza. Darasani mwalimu akiniuliza, jibu ninalo, lakini linakwama hapa kooni mpaka Bernadeta anayekaa pembeni yangu ananifinya. Nyumbani ndo kabisa.

Lakini siku ile nilipofika kwenye doti ya juu, ile nyekundu yenye mikorosho, nikaona alama ya kahawia karibu na pindo. Nikanusa. Mkadi, lile ua la harufu kali. Nikaokota asmini mbili zilizonyauka.

"Dada! Umevaa kikuba tena?"

"Nimevaa. Kwani vipi?"

"Si nilikwambia? Kishada cha maua ubavuni jioni nzima, na jasho lile, kinatoa rangi. Na harufu haitoki! Hii kanga inarudi dukani."

"Chausiku, mwanangu," akasema, na yeye kanizidi miaka mitano tu, "utavaaje kanga bila kikuba? Huo si mchuzi bila ndimu? Watu wananijua kwa kikuba changu."

"Basi hii usiirudishe. Mwambie Bwana Salumu imepata doa."

"Aseme nimemharibia? Piga pasi, doa litajificha kwenye mkunjo."

Nilikuwa sijawasha hata mkaa wa pasi, pikapu ya Bwana Salumu ikapiga honi nje. Dada akaruka na liwa lake usoni, akaninyang'anya doti, akaikunja mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe, akampa dereva dirishani. Hata kuikung'uta hakuikung'uta.

Nieleze ilivyoanza. Masika yaliyopita dada alikuwa mtu kama sisi, anachota maji bombani, anauza vitumbua barazani. Ndugu yetu akaolewa Kinondoni, tukaenda. Bwana Salumu naye alialikwa. Akamwona dada anavyotembea, akamfuata mama, akasema, "Bi mkubwa, binti yako akivaa kanga, kanga inajiuza yenyewe." Mama akacheka. Wiki ya pili dada yuko barazani kwa Bwana Salumu, kakalishwa kiti cha mto. Wiki ya tatu picha yake imekuzwa, imetundikwa juu ya mlango wa duka, kubwa kuliko ya Malkia iliyoko ofisi ya liwali. Halafu ikaja pikapu na bomba la sauti, dada kasimama nyuma, wanazunguka Ilala, Magomeni mpaka Kinondoni: "Njooni mwone! Ya Mwajabu imefika!" Wanawake wakifika dukani hawatazami hata maandishi ya kanga. Wanasema tu, "Nipe ya Mwajabu."

Na mie? Mie nikachota maji ya watu wawili. Nikachoma vitumbua. Dada haendi juani, dada hashiki mchi, dada moshi unamwasha macho. Kitabu cha hesabu nilikuwa nasomea jikoni, na mpaka leo ukurasa wa sehemu na desimali una mafuta.

Lakini jambo moja halikubadilika kwa dada, nalo ni Marijani. Marijani ni mshika bendera wa reli, stesheni ya Pugu. Mtu mpole, maneno yake ya kuhesabu. Alipeleka posa kabla ya picha, kabla ya pikapu, kabla ya yote. Wanaume wenye baiskeli mpya walipita barazani kwetu mpaka njia ikafanya mfereji, na dada hakumwinulia hata mmoja jicho. Siku moja nilimuuliza. Akasema, "Wale wanataka picha. Marijani alinitaka nina ndoo kichwani na matope miguuni." Akageukia ukutani. Alikuwa analia, tena yeye, anayeogopa macho kuvimba.

Tatizo lilikuwa mama yake Marijani, Bi Mwanaasha wa Kinondoni. Hakupenda mkwe anayetazamwa na mji mzima. Alikubali kwa ulimi, moyoni bado. Akaweka sharti: siku ya mkaja ikipita salama, dada aachane na pikapu, ndoa ifungwe. Dada akakubali palepale.

Mkaja ni kanga ya mama wa bi harusi. Upande wa mume wanaileta kumshukuru, anafunga kiuno kilichobeba ile mimba. Lazima iwe mpya, haijagusa ngozi ya mtu. Kumpa mama wa watu mkaja uliovaliwa ni sawa na kumwambia mwanao tumempata jalalani.

Sasa tazama Bi Mwanaasha alivyofanya. Alitaka kutuonyesha kwamba na yeye anajua mambo. Akaenda Jumamosi ileile hadi Kariakoo kwa Bwana Salumu, akasema, "Nipe ile nyekundu ya mikorosho. Ya Mwajabu." Bwana Salumu akamwambia zimekwisha, zimegombaniwa, imebaki doti moja tu. Ya mwisho. Bi Mwanaasha akashukuru Mungu kwa bahati yake, akaibeba.

Bila shaka imebaki moja! Ile aliyoivaa Mwajabu mwenyewe!

Jumapili wakaja, wanawake wa Kinondoni, vigelegele toka barabarani. Dada kafungiwa chumbani kama ilivyo desturi, anachungulia penye ufa wa mlango. Mie nagawa kahawa. Mama kakaa mkekani, shangazi pembeni yake. Sinia ikafunuliwa, nikaiona ile nyekundu. Nikajipa moyo: labda siyo. Kanga zinafanana.

Mama akasimama, akaishika doti kwa ncha mbili, akaikung'uta ili aifunge mbele ya watu. Zikadondoka. Asmini tatu kavu, na kipande cha jani la mkadi.

 

Shangazi akaokota asmini moja, akainusa. Akaivuta kanga, akainusa na yenyewe. "Hee! Mwanaasha. Mmetuletea mkaja umetoka harusini?"

"Astaghafirullah! Kanga mpya hiyo! Nimenunua jana mie mwenyewe!"

"Mpya ina kikwapa?"

"Ulimi wako, mwanamke!"

"Pua yangu, mwanamke! Njoo unuse!"

Wakaanza kusukumiana sinia. Wa Kinondoni wanasema tumeweka maua wenyewe tuwaaibishe. Wa Temeke wanasema masikini hana adabu. Mama kashika kanga kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani, hajui aiweke wapi. Na dada yuko nyuma ya mlango! Ilikuwa aseme neno moja: yangu hiyo, duka limewauzia iliyovaliwa, wakwe zangu hawana kosa. Neno moja na yote yangeangukia kwa Bwana Salumu. Nikatazama ule ufa. Nikaona jicho. Jicho halikusema kitu.

Basi mie, ambaye darasani lazima nifinywe, nikafungua mdomo.

"Ni ya dada," nikasema. "Aliivaa Ijumaa. Ikarudi dukani. Hawakujua."

Nilidhani nimeokoa. Wallahi nilidhani watasema, alaa, kumbe, wacheke, wanywe kahawa. Bi Mwanaasha akanigeukia polepole.

"Kwa hiyo binti yenu anavaa nguo, anaitolea jasho, halafu mie nauziwa?"

"Bwana Salumu ndo..."

"Na nyie mnajua. Mtoto mdogo anajua! Miezi yote hii mji mzima tunavaa taka za Mwajabu!" Akatupa buibui kichwani. "Mwanangu haoi kwenye nyumba hii. Twendeni."

Akampokonya mama mkaja, akautupa mlangoni, wakatoka. Kahawa yote imebaki. Shangazi akanitazama, akasema, "We mtoto, miaka yote kimya, leo ndo umepata sauti?"

Sasa niambie, ningefanyaje? Nikinyamaza, Chausiku bubu. Nikisema, Chausiku mdomo.

Ikafika Jumanne mji mzima unajua. Wanawake wakajaa dukani kwa Bwana Salumu na kanga zao, wengine wameshazikata, wengine wameshazifua, wote wananusa. Bernadeta alipita pale na mama yake, akanihadithia: wanawake wazima wamejipanga barazani wananusiana mapindo kama paka! Kila mwenye manukato yake anadai ni kikuba cha Mwajabu. Na Bwana Salumu alisema nini? Alisema kanga zile dada alizichukua bila ruhusa. Alikuwa na ulimi wa kusema hivyo, na pikapu ni yake! Picha akaishusha siku ileile. Ijumaa kiti cha mto alikalia binti mwingine, wa Magomeni, na mtangazaji wa bomba la sauti alibadilisha jina tu, maneno yaleyale.

Watoto wa mtaani kwetu nao wakapata mchezo. Dada akipita wanajishika pua: "Dada Mwajabu, tunuse?" Wale wa baiskeli mpya wakasahau njia.

Dada alikaa chumbani siku kadhaa. Nikamwambia, "Ungetoka siku ile ukasema." Akasema, "Nilikuwa na liwa usoni." Jamani! Liwa! Nilitaka kumpiga na mwiko. Halafu akaongeza, chini chini, "Niliona nikitoka vile, Bi Mwanaasha atamwambia Marijani, umeona? Hata siku ya mkaja anajipamba." Sikumpiga.

Siku hizi anachota maji mwenyewe. Kasahau kubeba, ndoo inafika nusu na kanga yake yote imelowa. Haniulizi kitu, lakini treni ikilia kule Pugu Road anaacha alichoshika.

Na mama, ah, mama! Ule mkaja walioutupa mlangoni kauokota, kaukata, kaupinda, anaufunga kila siku. Nikamwambia mama, kanga hiyo imevunja posa. Akasema, "Nguo haina kosa. Na ni ya mwanangu, jasho lake nimelizaa mie."

Hapo ndo nikapata wazo. Maana kama mama kaupokea, basi mkaja umepokelewa, au siyo? Mkaja si wa Bi Mwanaasha kuukasirikia. Ni wa mama. Dada sikumwambia, angeanza kujipaka.

Baba yake Bernadeta, Mzee Kornelio, ni karani wa reli, anapita Pugu mara kwa mara. Nilimwendea nyumbani kwao, nikasimama mlangoni mpaka Bernadeta akanifinya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Naomba umwambie Marijani wa stesheni: kanga ilivaliwa jioni moja tu, na aliyeivaa ndiye huyohuyo aliyemtaka. Mama kaifunga, anayo kiunoni. Kwetu mkaja umepokelewa. Dada kaacha pikapu, anachota maji. Je, posa ipo au haipo?"

Mzee Kornelio akanitazama vizuri. Nadhani alikuwa hajawahi kunisikia nikimaliza sentensi. Akaahidi, na alitimiza. Aliporudi nikamkimbilia.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia yote, neno kwa neno."

"Kasema nini?"

"Alikuwa na bendera mkononi, treni inaingia. Alinisikiliza mpaka mwisho."

"Halafu?"

"Halafu treni ikaingia."

Ile ilikuwa kabla ya Maulidi. Maulidi yamepita. Mzee Kornelio kapita Pugu tena juzi, na leo shuleni nimemuuliza Bernadeta mpaka kanichoka. Anasema ndiyo, Marijani yupo, mzima, alisimama palepale pake. Alimwona Mzee Kornelio dirishani, akapunga bendera ya kijani, treni ikaondoka.

Bendera! Mie nimemuuliza ipo au haipo.